King'ora cha Mbuzi

Kaka yangu alitoa betri. Naanza hapo kwa sababu hasira yangu inaanza hapo, na nikianza kwingine nitajikuta namwonea huruma mapema. Alipanda juu ya bati la nyumba yake, akafungua ndoo ya rangi niliyoigeuza kuwa sanduku, akachomoa betri, akaipeleka kwenye matanga ya jirani ili watu wapate taa na kwaya ipate spika. Hakuniuliza. Baadaye alinijibu kwamba matanga hayanyimwi kitu. Kwetu ni kweli: kukiwa na msiba viti hutoka, turubai hutoka, sufuria hutoka, na nimewahi kuona mlango wa nyumba ukichomolewa ukawa meza ya chakula. Lakini betri ile ilikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kumzuia baba yetu, baba yake yeye pia, asife asubuhi.

Baba anaishi nje kidogo ya Goma, upande wa Lac Vert, kando ya barabara ya kwenda Sake. Miaka yake ya nguvu aliimalizia ndani ya malori ya maharage kati ya Butembo na Goma, na alipochoka alitafuta kiwanja cha kufugia mbuzi. Alikipata. Ni mawe meusi ya volkano kila upande, na katikati kuna shimo pana lenye majani mabichi, mazuri, marefu. Mtu aliyemuuzia alimsifia sana yale majani. Hakumwambia kwamba yalikuwa marefu kwa sababu hakuna mnyama aliyewahi kuishi pale muda wa kutosha kuyamaliza. Mtu huyo simjui sura hadi leo, na ni bora iwe hivyo.

Watu wa kule wanaiita mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe. Haina rangi, na pua haiwezi kukuonya. Ni nzito, kwa hiyo hulala mabondeni na mashimoni kama maji, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mtu mzima anaweza kusimama ndani yake akasikia kizunguzungu tu; akiinama kufungua kamba ya mbuzi, hainuki tena. Jua likipanda na upepo ukaanza, hewa ile hutawanyika, na mtu akipita saa hizo utamwambia hapa pameua asikuamini. Baba mwenyewe hakuamini. Kuku walipokufa alisema ni ugonjwa. Mbwa alipokufa alisema ni sumu ya majirani. Mbuzi wa kwanza alipokufa alinyamaza, lakini hakuhama.

Nilimwambia awahamishie mbuzi juu, karibu na barabara, penye upepo. Alinitazama kama mtu aliyezaa mjinga.

"Pale juu banaona mbuzi," alisema. "Na mbuzi ikishaonekana, inakuwa ya mwenye bunduki. Chini kule hakuna mutu anashuka."

"Hakuna anashuka sababu banaogopa mazuku, Papa."

"Basi. Mazuku inanichungia mbuzi."

Nifanye nini na mtu wa namna hiyo? Alikuwa amepima adui wawili, watu na hewa, akachagua kuishi na hewa. Niliondoka pale nimenuna, na nilipofika nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Keshero, nilimfokea mume wangu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mimi kazi yangu ya mchana ni makaratasi ya forodha. Ninawajazia wafanyabiashara wanaopitisha mizigo mpakani Bunagana, kazi ya kukaa na kugonga mihuri hadi mgongo uanze kuuma. Jioni nina kazi nyingine isiyonilisha, ambayo mume wangu anaiita machuma ya Madamu: vipande vya redio, waya, swichi ndogo, risasi ya kulehemu inayonuka jikoni. Nilianza na redio ndogo zinazotuma ujumbe mfupi mbali sana bila laini ya simu. Siri yake ni kwamba zinapokezana. Ya kwanza inasema neno, ya katikati inalisikia na kulirudia, ya mwisho inalipata. Ukiifunga swichi kwenye ile ya mwisho, neno linakuwa tendo: taa inawaka, pampu inavuta maji. Mara ya kwanza niliwasha balbu ya banda letu la kuku nikiwa nimesimama sokoni na mfuko wa vitunguu mkononi. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie kwenda kuuliza kama imewaka. Mume wangu alisema kuku wameshukuru sana.

Nilipoona vile nikamfikiria baba. Simu yake haishiki mtandao pale kiwanjani hadi apande kwenye jiwe la barabarani, na hata sisi mjini mtandao huja ukitaka. Lakini kati ya kwake na kwangu kuna nyumba ya kaka, juu ya mwinuko, na juu ya bati lake unaona pande zote mbili. Nikatengeneza visanduku vitatu. Kimoja niliweka kwa baba pamoja na kipima hewa ndani ya banda la mbuzi, feni ya kusukuma hewa nje, na king'ora mlangoni kwake. Cha pili niliweka kwa kaka, cha kupokea na kurudia. Cha tatu kikakaa jikoni kwangu, karibu na makopo ya chumvi.

Kile cha kaka ilibidi tukifiche ndani ya ndoo ya rangi, tukaikalisha ndoo juu ya bati kama ya kufunika mahali panapovuja. Katika mji wetu siku hizi, mtu akiona waya umesimama juu ya nyumba anauliza unaongea na nani, na swali hilo likianza kutembea mtaani hujui litarudi na watu wa aina gani. Hilo nalo linanichoma. Ninajenga kitu cha kumwokoa mzee na mbuzi zake, na ninakificha kama mwizi. Kaka alikubali kukiweka kwake, na ninalisema hilo ili nisionekane kwamba sioni mema yake.

Mwanzoni niliufanya mtambo ujitegemee. Hewa ikiharibika, king'ora kinalia chenyewe na feni inawaka yenyewe, hakuna anayesubiri mtu. Ulikuwa mpango mzuri. Ulidumu hadi mazuku ya kwanza. Nilipokwenda kumtembelea nikakuta waya wa king'ora umekatwa kwa panga, umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya meza unanisubiri.

"Papa, ni juu yako nilifanya vile!"

"Minajua ni juu yangu. Lakini miye sitaamushwa na kisanduku. Nilikuwa na ba chauffeur ya malori, nilikuwa na batu ya kazi. Miye njo nilikuwa naamusha batu."

"Kisanduku hakikuamushe, kinakuonya tu."

"Mashine haiwezi kuniambia toka kwa nyumba yangu. Kama iko kitu, niambie weye. Ukinipigia weye, na mukono yako, nitaamuka."

Nilibishana naye hadi chai ikapoa. Nilimwambia mkono wangu unaweza kulala, unaweza kuugua. Alisema basi nitalala na kuugua kama watu wote. Haikusaidia kitu. Ukiwa mtoto wa Kinande unaweza kumpigia baba yako kelele zote unazotaka, mwishoni unafanya alichosema. Nikaurudisha waya, nikaondoa akili ya kisanduku, nikaweka mkono wangu mahali pake.

Ikawa hivi. Kila alfajiri naamka, naenda jikoni, natazama namba ya hewa ya shimoni kwenye kioo kidogo cha kisanduku. Hewa ikiwa nzuri nabonyeza mara moja, fupi, na kwake inawaka taa ya kijani juu ya kitanda. Hiyo ni salamu. Naye anabonyeza cha kwake, kwangu inawaka. Hewa ikiwa mbaya nabonyeza na kushikilia, kwake king'ora kinalia, feni inaanza kusukuma, naye anangoja juu mpaka nimpe taa ya kijani. Alikubali masharti hayo kwa sababu mtoto kumsalimia baba asubuhi ni jambo analolielewa. Nilikuwa nikibonyeza huku nimeuma meno, kwa sababu nilijua jinsi ambavyo mtambo wangu ungefanya kazi hiyo vizuri zaidi bila mimi. Lakini nilibonyeza. Sikukosa, hata siku za homa.

Sasa turudi kwenye betri.

Asubuhi ile nilibonyeza, kioo kikaniandikia kwamba ujumbe haukufika. Nikabonyeza tena. Haukufika. Namba ya hewa niliyokuwa nayo ilikuwa ya jana jioni, kwa hiyo haikuwa na maana yoyote. Nikakagua waya wangu, nikakagua antena, vyote vizima. Nikampigia baba, simu haipatikani, kama kawaida. Nikampigia kaka, haikuitikiwa. Mwishowe akashika mke wake, sauti nzito ya mtu aliyekesha.

"Mama, bwana yangu iko ku matanga."

"Kile kisanduku cha ku ndoo kiko kinawaka?"

"Ile batri alibeba jana," alisema. "Alisema ataregesha asubui."

Sikuaga. Nilitoka na kitenge cha kulalia na viatu visivyofanana, nikasimamisha pikipiki, nikamwambia dereva Lac Vert na asinipunguzie mwendo. Barabara ile ni mawe, na asubuhi chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinashuka kutoka Sake zimebeba makaa hadi juu, zinashika katikati kana kwamba barabara ni ya baba zao. Nilikuwa nikisema kwa sauti bila kujijua. Nilimtukana kaka, nikaitukana kwaya, nikamtukana marehemu niliyekuwa simjui, Mungu anisamehe. Dereva akageuza shingo.

"Mama, unaongea na miye?"

"Hapana. Endesha."

Hofu nilikuwa nayo, lakini ilikuwa chini. Juu ilikuwa hasira, na hasira ndiyo iliyonishikilia nisianguke kwenye ile pikipiki. Nilimkasirikia baba kuliko wote. Kama angeniachia kile king'ora kilie chenyewe, kaka angeweza kubeba betri, ndoo na bati lenyewe na bado pale mlangoni kwake pangelia. Ni heshima yake ndiyo iliyohitaji mkono wangu, na mkono wangu ndio uliohitaji bati la kaka.

Nilifika, mlango ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kitupu na blanketi limetupwa upande. Gumboti zake hazikuwepo. Nilizunguka nyuma hadi ukingoni mwa shimo, nikatazama chini. Kulikuwa kumetulia kabisa, hata jani halitikisiki. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa, na kwenye upenyo wa chini niliona miguu ya mbuzi aliyelala ubavu, imenyooka. Nikaita. Nikaita tena. Nilijua sipaswi kushuka, nimewaambia watu wangapi wasishuke, na mguu wangu mmoja ulikuwa umeshaanza kushuka.

"We! Rudi juu!"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Alikuwa amesimama juu ya lile jiwe la barabarani, gumboti miguuni, koti la safari mwilini, simu ameinyanyua juu ya kichwa chake. Nilimkimbilia. Nilitaka kumshika, nilitaka pia kumtikisa, lakini aliniwahi.

"Juu ya nini haukunisalimia leo?"

"Papa, mbuzi zimekufa..."

"Wachana na mbuzi! Minakuuliza weye! Nilingojea ile taa, haikuwaka. Nikasema, mutoto wangu, bamemufanya nini kule Keshero? Kuko batu balikuya usiku? Niko hapa tangu kungali giza, natafuta rezo, rezo hakuna!"

Aliishusha simu akanionyesha: namba yangu ilikuwa imejaa kioo kizima. Sijawahi kumwona baba yangu hivyo, hata siku tuliyomzika mama. Na mimi, badala ya kumwambia pole, nilimfokea. Nilimwambia betri, nilimwambia matanga, nilimwambia waya alioukata kwa panga. Naye akanifokea kwamba mtoto akiamka hai anamjulisha baba yake, hata kama ni kwa kupiga bati. Tulipigiana kelele pale juu ya jiwe mpaka wenye chukudu wakasimama kututazama. Mmoja akauliza kama tunahitaji msaada, tukamjibu wote wawili kwa pamoja kwamba hatuhitaji.

Baadaye, sauti zilipoisha, nilielewa kilichotokea, na nikakaa chini. Hakuwa ameshuka kufungua mbuzi kwa sababu alikuwa hajapata salamu. Aliamka, akatazama taa, taa haikuwaka, na mbuzi wakamtoka akilini. Hakuwaza mazuku. Aliwaza watu, wale wale aliokuwa akiwafichia mbuzi, akadhani wamefika kwangu.

Kaka alikuja jua likiwa limepanda, na suti ya msiba, na betri yangu ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimemwekea maneno tangu Keshero, nikayatoa yote, hakuna nililobakiza. Nilimwambia kama alitaka matanga mengine angesema tu, tungemwandalia ya nyumbani. Alisimama akitazama mbuzi tuliokuwa tumewavuta juu kwa kamba, wamepangwa juu ya mawe, na hakujitetea ila kwa ile sentensi yake moja.

"Matanga hainyimwe kitu. Weye unajua."

Na baba, aliyeponea tundu la sindano, akamtetea! "Miye pia ningetoa," alisema. "Bamulilie mutu wao mu giza, na weye unabanyima batri iko juu ya bati?" Niliwatazama wote wawili, nikaona kwamba nikiendelea kuongea nitapasuka. Nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba. Huko ndiko nilikolia, na ilikuwa ni hasira kwa sehemu kubwa.

Siku chache baadaye kaka alileta mbuzi wengine, jike na mwanawe, bila kuombwa. Siku hiyo baba aliniita akaniambia ameufikiria mtambo. King'ora kilie chenyewe, alisema, na feni iwake yenyewe. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kilie kule chini, ku banda," alisema. "Kiamushe mbuzi. Mbuzi haina heshima ya kuchunga."

Nikakubali haraka kabla hajageuza. Ndivyo tulivyopata king'ora cha mbuzi, kinachosikika hadi barabarani, na ambacho baba huamka nacho kila mara akisema hakimhusu. Lakini alikuwa na sharti. Alitaka king'ora kingine, kikubwa kama kile, kwenye nyumba yangu Keshero, na kitufe chake kiwe mkononi mwake.

"Papa, Keshero hakuna mazuku."

"Keshero iko na batu. Weka."

Tena kisinyamaze hadi nijibu. Ndivyo alivyotaka, na ndivyo nilivyokilehemu mimi mwenyewe, nikinung'unika juu ya kila waya. Sasa yeye ndiye anayeanza. Alfajiri, nikiwa bado kwenye usingizi mtamu, king'ora kinalipuka jikoni. Mume wangu anajifunika mto na kuniuliza ni lini baba yangu atajifunza kutuma ujumbe kama watu. Majirani wanagonga ukuta. Mimi mwanamke mzima, mwenye watoto wanaoenda shule, naamshwa na kisanduku. Sharti la mwisho lilikuwa langu, na aliliapia: hashuki shimoni kabla sijamjibu.

Kwa hiyo naenda jikoni pekupeku, na sijibu. Nasimama mbele ya kioo natazama namba ya hewa. Ikiwa juu, naacha king'ora kilie, maana nikijibu atashuka. Najua amesimama kule mlangoni kwake, kamba mkononi, anaitazama taa ya kitandani isiyowaka, anajiuliza wamenifanya nini. Na ajiulize kidogo. Majirani wagonge. Kule Lac Vert upepo utaamka, majani yatatikisika, namba itaanza kushuka. Ikishuka yote, nambonyezea baba yangu.